Yaya Katika Faili la Mnara

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumatatu, mbele ya majaji watatu wa mashindano ya gemu na watazamaji waliojaza ukumbi mmoja mjini Shinyanga, minara kumi na miwili ya Butemi iliwaacha maadui wawili wapite bila kuwarushia hata mshale.

Mwalimu Pantaleo aliyaona hayo kwenye skrini kubwa akiwa ameshika kipaza sauti. Dakika moja kabla, minara hiyohiyo ilikuwa imewatungua askari thelathini wa adui, ukumbi ukapiga makofi. Sasa walikuwa wamebaki watangulizi wawili tu wa jeshi la adui, Kulwa na Doto, wanaotembea sikuzote bega kwa bega. Walipita mnara wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, kama watu wanaokwenda mnadani. Walipofika ikulu ya mtemi waliitia moto. Skrini ikaandika kwa herufi nyekundu: UMESHINDWA.

Mtu mmoja nyuma ya ukumbi alicheka, wengine wakamfuata.

Butemi haikuwa gemu iliyotengenezwa kutoka mwanzo. Ilikuwa gemu ya vita na mikakati inayopatikana bure, ambayo mafaili yake yako wazi na mwenye akili anaweza kuyabadilisha. Vijana wa Pantaleo, kwenye kituo chao kidogo cha kompyuta mjini Geita, walitumia miezi minane kuondoa ngome za Ulaya na kuweka ikulu ya mtemi, maboma ya ng'ombe na maghala ya pamba. Michoro haikuwasumbua sana. Kazi kubwa ilikuwa kuvifundisha vikosi na majengo tabia ya kushambulia: nani ampige nani, nani aachwe, jengo gani limlenge nani kwanza. Pantaleo alikuwa ameshikilia kwamba maagizo hayo yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida. Ukitaka mnara umpige mtu fulani, unaandika jina lake na mbele yake neno "ndiyo". Neno lolote lingine gemu inalichukua kuwa ni katazo.

"Hata bibi yangu kule Bukoba akiletewa faili hili ataelewa," alipenda kusema, na alilisema katika kila mkutano mpaka watu wakalichoka.

Bwana George, kiongozi wa majaji, alimfuata nyuma ya jukwaa. "Mwalimu, hii ni kasoro au kuna mtu kawachezea?"

Pantaleo alifungua faili la mnara. Mistari yote ilikuwa kama walivyoiacha, isipokuwa miwili ya mwisho. Palipotakiwa kuandikwa "ndiyo" mbele ya Kulwa na mbele ya Doto, paliandikwa neno moja: yaya.

Katika timu yake alikuwepo mtu mmoja tu anayeitwa hivyo. Mwahija, binti wa miaka ishirini na miwili, aliwahi kufanya kazi ya uyaya kwa familia moja Mwanza kabla hajajiunga na kituo. Mwenzake Enock ndiye aliyembandika jina la Yaya kwa utani, likamganda, naye mwenyewe alikuwa akiitika huku akicheka. Tena kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba faili lilibadilishwa Ijumaa mchana kwenye kompyuta namba mbili, ambayo ni ya Mwahija, kwa jina na nywila ya Mwahija.

Pantaleo alikuwa na tabia ya kuamua haraka, kisha kuuita uamuzi huo msimamo. Alitoka hadi kwenye ngazi za ukumbi, mbele ya timu nyingine zote.

"Mwahija, miezi minane ya watu umeichoma moto, halafu umeweka na sahihi!"

"Sahihi gani, mwalimu?"

"Usinifanye mtoto. Umeandika jina lako mwenyewe kwenye faili. Ijumaa saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuswali swala ya Ijumaa."

"Kompyuta yako uliifunga?"

Binti alifungua mdomo akaufumba. Macho yake yalikimbilia pembeni. Pantaleo akaona hapo ushahidi wa tatu, na kwake ulitosha.

"Niliiacha wazi," alisema Mwahija kwa sauti ndogo. "Hilo ni kosa langu."

"Basi rudi kwenu. Kwenye timu haumo."

Kila timu ilikuwa na nafasi moja ya mafunzo ya mwaka mzima Mwanza, kushinda au kushindwa, na nafasi ya Butemi ilikuwa na jina la Mwahija. Kabla ya adhuhuri ya siku hiyo Pantaleo alikuwa amemwandikia Bwana George barua ya mistari minne kumwondoa. Jina la Enock liliwekwa badala yake. Bwana George aliisoma mara mbili, akasema orodha itafungwa Alhamisi saa kumi jioni, kama mwalimu ana la kuongeza.

Pantaleo alijibu kwamba hana.

*

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, kituoni Geita, alikaa kwenye kompyuta namba mbili kurekebisha mistari ile miwili. Kazi ya sekunde kumi. Alifuta "yaya" ya kwanza, akaandika "ndiyo", na hapo mkono ukasita.

Sekunde kumi. Alirudi kwenye kumbukumbu za mashine. Faili lilifunguliwa Ijumaa saa saba kamili mchana. Lilihifadhiwa saa saba na dakika ishirini na mbili. Mtu aliyebadilisha maneno mawili alikuwa ametumia dakika ishirini na mbili, na Mwahija alikuwa mwepesi wa vidole kuliko mtu yeyote pale ndani, akiwemo mwalimu wake.

Alichukua karatasi akaandika anachokijua. Juu kabisa ya faili la mnara kulikuwa na mstari unaowasha na kuzima minara yote kwa pamoja. Mtu mwenye nia ya kuiharibu timu angeugusa mstari huo, amalize kazi. Huyu aliuruka. Hakuwagusa askari, wapanda farasi wala wapiga mishale. Aliteremka hadi mwisho wa orodha na kuwakinga watu wawili, basi. Tena watu hao waliongozwa na kompyuta yenyewe, si na mshindani aliyeketi ukumbini, kwa hiyo hakuna timu pinzani ambayo ingepanga kuwatumia.

Maswali yote hayo alikuwa na uwezo wa kuyauliza Jumatatu. Hakuyauliza kwa sababu alikuwa amechekwa na watu.

"Chai, mwalimu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mama Shija, mwanamke anayefagia kituo na kuwapikia chai kwenye kijichumba cha nyuma, kilichotenganishwa na chumba cha kompyuta kwa ukuta wa mbao nyembamba. Aliweka kikombe mezani bila kumtazama usoni.

"Mama Shija, Ijumaa saa saba nani alikuwa humu ndani?"

"Hao vijana walitoka wote. Enock alikwenda kula kwa mama ntilie, Mwahija akaenda msikitini."

"Na ufunguo?"

"Wako unao wewe, nawe ulishatangulia Shinyanga. Mwingine ninao mimi."

"Hukumwona mtu akiingia?"

"Sikumwona mtu akiingia, mwalimu." Alikunja kitambaa cha kufutia meza. "Ni kweli Mwahija hatarudi?"

"Ndivyo ilivyo."

Mama Shija alitoka na kile kitambaa mkononi, meza ikabaki haijafutwa.

Baadaye kidogo aliingia Enock, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Kishapu, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mafaili ya mashambulizi na kurekodi sauti za vikosi vyote kwa koo lake mwenyewe. Pantaleo alimhoji naye.

"Saa saba ulikuwa wapi?"

"Kwa mama ntilie, nakula ugali na sangara. Muulize, nilikaa mpaka saa nane kasorobo. Niliporudi tukaanza kufunga mashine za safari, hatukuijaribu tena gemu."

"Nafasi ya Mwanza umepata wewe."

"Sikuiomba, mwalimu." Enock alikuwa akitazama miguu yake. "Nawe mwenyewe umeona jina liko pale. Yaya."

"Umelisoma?"

"Nililiona Jumatatu, nyuma yako, pale jukwaani."

Mama ntilie alithibitisha, tena kwa hasira, kwamba kijana alikula sahani mbili na kuzungumza kwa simu muda wote. Enock hakuwa amegusa faili. Lakini Pantaleo aliondoka pale akijiuliza kwa nini mtu asiye na kosa ashindwe kumtazama usoni.

*

Jumatano saa nne asubuhi alishuka Nkome, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, akamkuta Mwahija na mama yake wakianika dagaa juu ya nyavu. Mama yake alimtazama Pantaleo tangu viatu hadi kofia, akaendelea na kazi.

"Nimekuja kuuliza mambo mawili tu," alisema Pantaleo.

"Jumatatu uliuliza mbele ya ukumbi mzima," alisema Mwahija. "Leo umekuja peke yako."

Pantaleo alisimama na viatu vyake vya mjini kwenye mchanga uliojaa magamba, akajiona mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Kompyuta uliiacha wazi kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Ulimwachia nani?"

"Niliahidi sitamtaja. Sheria yako inasema asiye mwanachama asiguse mashine. Ningemtaja angefukuzwa na yeye."

Hapo mwanamke mmoja wa jirani alipiga ukelele. Kitoto cha miaka miwili hivi kilikuwa kimenyanyua mguu kuukanyaga mkeka wa dagaa. "Yaya! Yaya, Mabula! Yaya!"

Pantaleo aligeuka huku na huku. "Huyo yaya wake yuko wapi? Mtoto ataharibu mali ya watu."

Wanawake wote waliangua kicheko. Hata mama yake Mwahija, aliyekuwa amenuna, alificha mdomo kwa kanga.

"Yaya ni hapana, mwalimu," alisema Mwahija. "Kisukuma. Anamkataza." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Kwa nini umebadilika hivyo?"

"Neno lililoandikwa kwenye faili. Mbele ya Kulwa na Doto. Ni hilo."

Mwahija alichukua muda mrefu kupanga dagaa ambao tayari walikuwa wamepangwa.

"Ile sahihi uliyosema nimeweka, kumbe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Ungenionyesha tu, mwalimu. Ungeigeuza kompyuta nikasoma. Nimezaliwa na kukulia humu, hata mtoto wa hapa angekwambia." Sauti yake haikupanda, na Pantaleo angependelea ipande. "Nilipowaona wale wawili wanapita pale ukumbini nilianza kuhisi ni nani. Wewe ukanitajia sahihi, nikachanganyikiwa. Nikasema nikinyamaza litapita."

"Nitajie."

"Siwezi. Umekaa Geita mwaka na nusu. Watu unawaita majina yao kila siku. Waulize majina hayo yana maana gani."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alimketisha Enock mbele ya kompyuta namba mbili na kufungua nakala ya faili lililoharibiwa.

"Soma neno hili."

"Yaya."

"Maana yake?"

"Si mfanyakazi anayelea watoto?"

"Nyumbani kwenu Kishapu, bibi yako akikuambia 'yaya', huwa anakuita mfanyakazi?"

Enock alitazama kibodi.

"Ulijua tangu Jumatatu," alisema Pantaleo.

"Nilijua." Kijana alijifuta uso kwa viganja. "Nilipoliona tu nilijua Mwahija hawezi kuandika hivyo. Kwenye mafaili yeye huandika 'hapana', siku zote. Nilitaka kusema, mwalimu, wallahi nilitaka. Ukawa unapiga kelele. Halafu ukasema nafasi ni yangu. Nikampigia baba simu, akafurahi akachinja kuku. Kila nikitaka kusema namwona baba na yule kuku."

Pantaleo hakuweza kumkaripia. Kelele zilikuwa zake yeye.

"Swali la mwisho. Shija ni jina la namna gani?"

"Shija?" Enock alishangaa. "Mtoto anayezaliwa akifuata mapacha. Wa kwanza kutoka anaitwa Kulwa, wa pili Doto, na atakayewafuata kwenye tumbo hilo ni Shija. Kila Msukuma anajua. Huwezi kuwa na Shija kama hukuwa na…"

Hakumaliza. Wote wawili waligeukia ukuta wa mbao. Upande wa pili vikombe vilikuwa vikioshwa.

"Enock," alisema Pantaleo polepole, "mnara ukiwapiga Kulwa na Doto, wanatoa sauti. Uliwarekodia nini?"

Kijana alikuwa ameshika kichwa. "Wanaita 'mayu'. Mama." Alitazama tena ule ukuta. "Nilidhani itachekesha."

"Kwa siku tulikuwa tunaijaribu mara ngapi?"

"Arobaini. Siku nyingine sitini."

Kwa miezi minane. Na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba.

*

Saa tano na nusu Pantaleo alimwomba Mama Shija aje akae. Mama huyo alibaki amesimama, mikono ikiwa bado na povu la sabuni.

"Nitasema ninavyoona," alianza Pantaleo, "nikikosea unisahihishe. Aliyebadilisha faili alikuwa mgeni wa kompyuta, kwa sababu maneno mawili yalimchukua dakika ishirini na mbili. Alikuwa na ufunguo, maana mlango haukuvunjwa. Alikuwa anafikiri kwa Kisukuma. Na hakutaka kutuharibia, kwa sababu jambo la kutuharibia aliliona akaliacha. Alitaka watu wawili tu wasipigwe. Nilikuuliza kama ulimwona mtu akiingia, ukaniambia hukumwona. Hukuniongopea. Ulikuwa ndani wewe."

Mama Shija alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi, mwalimu."

"Wako wapi, Kulwa na Doto?"

"Walishuka duarani pamoja, kuchimba dhahabu, mwaka wa nne sasa, mwezi wa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mwenye shimo akasema hakuna shida. Udongo ukashuka juu yao. Walikuwa na miaka kumi na tisa." Alikuwa anazungumza bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Watu waliokuwa juu waliniambia waliwasikia wakiita kwa muda, kisha wakanyamaza. Sikuwauliza walikuwa wanaitaje. Nilijua wanavyoniita."

Enock alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakitikisika.

"Nyie mlipoanza mchezo wenu, siku ya kwanza nilisikia 'mayu' nikaangusha sufuria. Nikasema ni kichwa changu. Siku ya pili tena. Nikachungulia, nikaona kwenye kioo wameandikwa majina. Kulwa. Doto. Wanapigwa, wanaita, wanaanguka. Mnaanza upya. Wanapigwa tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mama chai awaambie wasomi waache kazi yao?" Alimtazama Pantaleo moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Shinyanga. "Nilimwomba Mwahija anifundishe kuandika kwenye mashine. Nikamwambia nataka kumwandikia Shija shuleni. Binti yule ana roho nzuri, kila mchana alikuwa ananiachia yake wazi. Siku moja lile faili lilikuwa kwenye kioo. Nikasoma, 'Kulwa, ndiyo'. Nikamuuliza hii ndiyo ni ya nini, akasema ukiandika ndiyo mnara unampiga, ukiandika lolote lingine unamwacha. Wewe mwenyewe hujisifu kwamba hata bibi yako angeelewa. Mimi nilielewa."

Pantaleo aliinamisha kichwa.

"Ijumaa nikajua mnakwenda Shinyanga kuwaonyesha mbele ya watu. Nikasema hapana, si mbele ya watu. Herufi ya Y ilinisumbua sana kuitafuta."

"Ungeandika 'hapana'."

"Hapana nawaambia watu. Wanangu nilikuwa nawaambia yaya. Siku ile ya mvua niliwaambia, msishuke, yaya. Hawakusikia."

Mpaka hapo alikuwa hajatoa chozi. Machozi yalianza alipomtaja Mwahija.

"Jumanne uliponiambia hatarudi, nilitaka kusema. Nikarudi jikoni nikakaa chini. Nikafikiri, nikifukuzwa, ada ya Shija italipwa na nani? Nikanyamaza, mwalimu, mtoto wa mwenzangu anaumia mimi naosha vikombe. Siku tatu sijala. Hilo la mashine silijutii. Hili la kunyamaza ndilo linaniua."

Aliweka ufunguo juu ya meza. Pantaleo aliusukuma ukarudi upande wake.

"Ungeniambia mimi ndiye niliyekufanya usiweze kusema, ungekuwa umesema kweli," alisema. "Barua nitaandika, nitaeleza kwamba kosa ni langu."

"Hapo utakuwa umeongopa. Ulimpaka binti matope kwa barua, basi barua ndiyo imsafishe. Andika jina langu. Wakiona jina wataamini."

Ilikuwa saa saba na robo. Pantaleo aliandika kwamba faili lilibadilishwa bila Mwahija kujua, kwamba yeye Pantaleo hakumwonyesha mtuhumiwa ushahidi na alimhukumu kwa neno asilolijua maana, kwamba Enock anaikataa nafasi kwa hiari yake. Enock alitia sahihi bila kuambiwa, akatoka nje na simu kumwambia baba yake. Dirishani walimwona akizunguka uani, simu sikioni.

Pantaleo alifika kwenye mstari wa mwisho: *Aliyebadilisha faili ni*. Kalamu ikasimama.

"Mama Shija," alisema, na uso ukamwaka kwa aibu. "Jina lako nani?"

"Mbuke Maganga," alijibu. Kisha akachukua kalamu mkononi mwake na kuliandika mwenyewe.

Barua ilipigwa picha ikatumwa saa nane kasoro dakika tano. Saa tisa na nusu Bwana George alijibu kwa maneno mawili: jina limerudishwa.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mwahija alikuja kuchukua daftari zake kabla ya kupanda basi la Mwanza. Pantaleo alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alikuwa amepanga atakachosema, akapanga pia kusimama mlangoni ili binti asiweze kumkwepa, na kumwomba radhi mbele ya Enock na kila aliyekuwepo, kama alivyomdhalilisha mbele ya watu.

Mama Shija alimtangulia. Alipiga magoti palepale barazani, kanga kwenye vumbi. Mwahija alidondosha begi akamwinua kwa mikono miwili, wakashikana hivyo kwa muda, wakiongea kwa sauti ya chini mambo ambayo hakuna aliyeyasikia. Mwishoni Mwahija alimwinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Enock naye alisema lake, akitazama chini, na Mwahija akampiga bega kidogo, si kwa furaha wala kwa hasira.

Kisha alielekea mlangoni, alipokuwa amesimama mwalimu wake. Pantaleo alivua kofia. Maneno yote ya tangu alfajiri yalimpotea, yakabaki mawili.

"Mwahija, nilikosea."

"Ndiyo," alisema Mwahija.

Alingoja asogee, akapita, akachukua daftari zake mezani, akatoka nazo. Tangu ajiunge na kituo binti huyo hakuwahi kumpita bila kumwamkia, hata siku za ugomvi. Pantaleo alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia. Ile marahaba ilimbaki ulimini, na begi la Mwahija likapotea kwenye kona ya barabara ya stendi.